Mwaka Waliomgombania Kabula

Mvua za mwaka huu zilipoanza tulimzika Kabula kwao Milepa, bondeni, na hata siku ile ya kumzika niliona wivu. Sijui jambo hili lisemwe vipi likapendeza, kwa hiyo nalisema lilivyo. Nilikuwa nimesimama chini ya turubai pamoja na watu wengine tuliotoka Sumbawanga mjini, na mbele yangu kulikuwa na mvutano wa chini kwa chini juu ya nani azungumze kwanza. Alizikwa Kikatoliki, maana ndivyo alivyobatizwa, na paroko alikuja mwenyewe, hakumtuma katekista. Lakini mchungaji wa walokole naye alikuwa amekuja na kwaya yake nzima, akidai kwamba marehemu ndiye aliyewashonea sare miaka yote. Watoto wa kiume wa Mama Zuhura, Waislamu wa mjini, walikuwa wameleta mchele na mafuta, wakasimama karibu kabisa na jeneza kama wenye haki. Upande wa zizi, wajomba zake wa Kisukuma walikuwa wamesimama na fimbo zao, wakingoja wageni wamalize ili wao wafanye yao. Nikajisemea moyoni, mwangalie huyu, hata maiti yake inagombewa. Mimi siku nikifa, padre atakuja kama ratiba itamruhusu, jumuiya itaimba nyimbo zile zile, na kabla jua halijapoa watu watakuwa wamesharudi kwenye mahindi yao.

Wivu huu si mgeni kwangu. Najua ulizaliwa katika nyumba ipi na mwaka upi. Ilikuwa zile enzi za ruksa, nami nilikuwa msichana niliyetoka upande wa Kaengesa kuja mjini kujifunza ushonaji kwa masista. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya foleni, ambapo sabuni ilikuwa ya aina moja, tena kwa mwenye bahati ya kuipata. Ghafla madukani kukawa na sabuni za kila rangi, mitumba ikatandazwa chini mpaka barabarani, na vijana wakawa wanapita na redio za kaseti mabegani wakiitana mshikaji. Dini nazo zikawa hivyo hivyo. Huko nilikokulia nilidhani Mkatoliki ni neno jingine la mtu. Waislamu tuliwajua kama wenye maduka na madereva wa malori, na Mlutheri alikuwa ni bwana shamba aliyehamishiwa kwetu na ambaye siku moja angehamishwa tena. Sasa mjini palikuwa na walokole wa kila jina, wanazuka kama uyoga, na kila kundi lina spika yake na kinanda chake cha umeme. Kundi moja lilikuwa limepanga ghala la zamani la ushirika, lililobaki tupu baada ya duka la ushirika kufa, na ghala hilo lilitazamana na dirisha la chumba changu.

Chumba kilikuwa cha Mama Desideria, mjane, mwenyekiti wa jumuiya yetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na baridi ya Ufipa iliingia kwenye kila ufa wake, hivyo sote tuliishi jikoni, tumezunguka jiko la mkaa. Mpangaji mwingine alikuwa Mwalimu Gaudensi, kijana mpole wa kutoka Kipili aliyefundisha jiografia, na nduguze walikuwa wanamletea kwa malori migebuka mikavu, wale samaki wa Ziwa Tanganyika. Basi tukila ugali wa ulezi na mgebuka, tukinyamaza, tulisikia walokole ng'ambo ya barabara wakiimba na kupiga makofi, na Mama Desideria alikuwa na neno moja kwa ajili yao. "Kizuri chajiuza," alisema, akichota mchuzi, "kibaya chajitembeza." Nilimwamini kabisa. Nilikuwa Mkatoliki wa kuzaliwa, nimepata kipaimara, na sikuona kama kuna kitu kingine ninachopaswa kuwa nacho.

Kabula alikuja baada ya Pasaka. Baba yake, mfugaji, alikuwa ameiacha nchi ya Usukuma zamani akafuata malisho mpaka bonde la Rukwa, na sasa alitaka binti yake ajue cherehani. Masista wakampangia kulala na mimi. Alikuja na kisanduku cha bati na blanketi moja, akitetemeka, maana bondeni hawajui baridi, na usiku wa kwanza tulilala tumebanana kitanda kimoja kama vifaranga. Nilimpenda palepale. Alikuwa mrefu, meno yake yana mwanya, na alicheka kwa mwili mzima. Nilimfundisha kupiga pindo lililonyooka, naye akanifundisha kukamua ng'ombe kwa kutumia vidole vyangu mwenyewe kama chuchu. Mtu akinifundisha upumbavu wa namna hiyo ninakuwa wake. Shuleni walituita pacha, na sikuwa nimewahi kuwa pacha wa mtu.

Jioni ya pili, kabla hatujaanza kula, Mama Desideria alifanya ishara ya msalaba, sote tukamfuata, na Kabula akabaki ameshika tonge lake anatutazama. "Mwanangu, wewe dhehebu gani?" Mama Desideria akauliza. "Sina, mama," Kabula akajibu. "Huna vipi? Mlokole?" "Hapana." "Mwislamu?" "Hapana, mama. Nyumbani tuna wazee wetu tu. Waliotangulia." Nikamwona Mama Desideria akimtazama Kabula kama mwindaji aliyeona dalili za nyayo mbichi, na mkono wake, ambao siku zote ulinipa mimi kipande cha mkia kwa vile sikuwa mgeni tena, ukachukua kipande cha katikati cha mgebuka, kile chenye nyama, ukakiweka kwenye sahani ya Kabula. "Kula, mwanangu," akasema. "Kwenu bondeni samaki hawa hamuwapati." Mimi hakuwahi kuniita mwanangu. Aliniita wewe Skola.

Tangu siku hiyo ilikuwa ni kama mnada. Katekista wetu, Mzee Leonsi, ambaye nilikuwa nimemwamkia kila Jumapili bila yeye kunikumbuka jina, alianza kupita nyumbani akitafuta maji ya kunywa. Alimletea Kabula rozari mpya ya shanga za bluu iliyotoka Ulaya. Yangu ilikuwa ya plastiki, imekatika, nimeiunga kwa uzi wa cherehani. Mama Zuhura, aliyekuwa na duka la khanga njiapanda, mwanamke wa Ujiji mwenye maneno matamu, alimwita Kabula ndani Sikukuu ya Idi, akampa pilau na khanga doti nzima, mimi niliyeongozana naye nikapewa pilau. Mwinjilisti Obedi, kijana wa kutoka upande wa Mbeya aliyeongoza lile kundi la ghalani, mwembamba, suruali imenyooshwa mpaka mkunjo unakata, alimsimamisha njiani, akamwambia, "Dada, Mungu amenionesha uso wako." Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo nimebeba mfuko wa vitambaa. Uso wangu inaelekea Mungu hakumwonesha.

Niseme wazi lililoniuma. Sikuitamani rozari wala khanga. Niliumia kwa sababu mimi nilikuwa nimeshahesabiwa. Nilimwagiwa maji nikiwa mchanga, nikaandikwa, na tangu hapo hakuna aliyekuwa na haja nami tena. Kanisa letu lilijaa mpaka watu wakasimama nje madirishani. Ukichelewa hakuna ajuaye, usipofika hakuna aulizaye. Mwaka ule ule niliugua malaria nikakosa misa Jumapili kadhaa, na niliporudi mama mmoja aliniambia nisogee, nimemzibia mtoto wake. Nilikuwa na faraja moja tu, na niliishikilia: kwamba kundi langu ndilo kubwa kuliko yote duniani. Mzee Leonsi alituambia hivyo tangu mafundisho ya komunyo, kwamba jua halitui juu ya Wakatoliki. Nilipowasikia walokole wakipiga kelele ghalani nilikuwa nikijiambia, pigeni tu, mpo wangapi ninyi. Mtu asiye na mali hujivunia ukoo.

Mwalimu Gaudensi ndiye aliyeniharibia hata hilo, tena bila kukusudia. Jioni moja ya kipupwe Mama Desideria alikuwa anamwambia Kabula, kwa mara nyingine, jinsi tulivyo wengi, na Mwalimu akasema hilo linaweza kuonekana, akaenda chumbani akaleta atlasi ya shule, kubwa, jalada limeshikizwa kwa gundi. Akaifungua juu ya kinu kilichogeuzwa. "Hapa dunia yote wameipaka rangi kufuatana na dini," akasema. Tukainama wote, vichwa vyetu vinagongana, taa ya chemli katikati.

"Sisi ni rangi ipi?" Mama Desideria akauliza.

"Zambarau."

"Rangi ya Kwaresima," akasema, akaridhika. "Na ndio wengi?"

"Ukiwajumlisha Wakristo wa kila namna, ndio wengi kuliko wote, na kati yao Wakatoliki ndio kundi kubwa zaidi. Waislamu wanafuata, hii kijani. Halafu Wahindu, hii ya machungwa."

"Wahindu gani? Huyu wa duka la vitambaa?"

"Huyo huyo, mama. Kwao ndio wamejaa."

Mama Desideria aliitazama ile rangi ya machungwa iliyofunika nchi nzima. Mjini kwetu tulimjua Mhindu mmoja na mkewe, wakikaa peke yao nyuma ya duka, wakifukiza udi wao jioni, nasi tukiwahurumia kwa upweke. "Masikini," akasema, "kumbe ana ndugu. Na hawa wa njano?"

"Wabudha."

"Mbona hajapita hapa hata mmoja?"

"Nao huko wanaulizana mbona hajapita Mfipa," Mwalimu akasema, na Kabula akacheka mpaka taa ikayumba.

Kisha Mama Desideria akataka aoneshwe kwetu. Mwalimu akaweka kidole kwenye Ziwa Tanganyika, akakivuta kidogo upande wa mashariki, na pale kati ya ziwa hilo na Ziwa Rukwa, mahali palipopaswa kuwa Ufipa yote na makanisa yake ya matofali kwenye kila kilima, palikuwa pamepakwa kahawia. Tulishusha macho chini ya ukurasa kusoma maana ya kahawia. Mwalimu alikohoa. "Dini za jadi," akasema.

"Nani kaipaka rangi Ufipa?" Mama Desideria akauliza polepole.

"Wachoraji wa Ulaya, mama."

"Walifika hapa?"

"Sidhani kama walifika."

"Mapadre wamefika hapa mama yangu hajazaliwa! Sisi tunafunga, tunatoa zaka, tunajenga seminari, halafu mtu amekaa Ulaya na brashi yake anatuweka humu?" Alikuwa ameinuka, mwiko mkononi, na sijui angempiga nani kama yule mchoraji angekuwa karibu. Kabula alikuwa ameweka bakuli chini, machozi ya kicheko yanamtoka. "Karibuni kwetu, mama," akasema. "Karibuni sana. Msivue viatu." Hata Mama Desideria akashindwa, akaketi, akacheka akijipepea kwa mfuniko wa sufuria, akimwita mtoto mbaya huyu, mtoto mbaya huyu, kwa sauti ya mapenzi kabisa. Nilikuwa mimi peke yangu nisiyecheka. Ukubwa ndio ulikuwa mali yangu, na sasa kwenye kitabu cha dunia nilikuwa nimehamishiwa kwa Kabula, tena yeye ndiye mwenye nyumba na mimi ndiye mgeni.

Jumapili iliyofuata, mchana, nikavuka barabara nikaingia ghalani. Sikumwambia mtu. Nilitaka kujua inakuwaje mtu akitakiwa. Walikuwa watu wachache, hawajazi hata mabenchi yao, na ukutani bado palikuwa na maandishi ya ushirika kuhusu mbolea. Mwinjilisti Obedi aliniona kabla sijakaa. "Leo tuna mgeni," akasema kwenye spika, ingawa tungemsikia hata bila spika. "Simama dada, tuambie jina lako." Nikasimama. "Skolastika," nikasema, na kundi zima likasema Skolastika, likapiga makofi, mwanamke mmoja akaja akanikumbatia akiwa na harufu ya moshi na mafuta ya nazi. Nilikuwa sijawahi kulitaja jina langu ndani ya nyumba ya ibada tangu siku ya kipaimara, na siku ile niliambiwa niliseme haraka kwa vile foleni ni ndefu. Nililia. Walidhani ni Roho Mtakatifu, nami sikuwakatalia. Obedi alihubiri kwamba wao ni kundi dogo, ila kwao hakuna kondoo anayepotea, kwa maana mchungaji anamjua kila mmoja hata kwa kikohozi. Nilikaa pale nikihisi joto kifuani, nikawaza kwamba labda nimefika.

Baada ya ibada alinisindikiza hadi barabarani. Alikuwa na adabu, alitembea mbali kidogo nami, mikono nyuma. "Dada Skola," akasema, "karibu tena. Hivi, si unakaa na yule binti wa Kisukuma?" Nikasema ndiyo. Akatabasamu, na lilikuwa tabasamu zuri, la kweli. "Basi Jumapili ijayo usije peke yako." Nilivuka barabara nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa havijachafuka. Sikurudi ghalani tena. Leo najua yule kijana hakuwa na ubaya. Mvuvi huwaza samaki ambaye hajamvua, na mimi nilikuwa nimeshakaushwa zamani na wavuvi wengine. Lakini siku ile nilimchukia Kabula kwa saa nzima, na usiku alipojibana kwangu kwa ajili ya baridi, nikageuka nikamwonesha mgongo.

Baba yake alikuja mwishoni mwa kiangazi, alipoleta ng'ombe mnadani. Aliitwa Mzee Masanja, mtu mfupi mwenye shuka na kofia ya pama, na alituletea siagi kwenye kibuyu. Mama Desideria alimpokea Kifipa, amechuchumaa, akipiga makofi taratibu ya heshima, na mzee akaitikia Kisukuma, "Mwangaluka," salamu yao ya asubuhi, ingawa ilikuwa alasiri, kwa kufurahi tu. Alikula vizuri. Alipokwisha kunawa, Mama Desideria hakuweza kujizuia. "Baba Kabula," akasema, "hiyo dini yenu, mpo wangapi?"

"Boma langu," mzee akajibu. "Na boma la mdogo wangu, ng'ambo ya mto."

"Basi ni wachache sana, baba. Sisi tupo dunia nzima."

"Umehesabu walio hai," mzee akasema, akichokonoa meno. "Sisi tunahesabu na waliokufa. Kwetu hatoki mtu kwa kufa. Babu yangu yupo, na babu yake yupo, na akina mama zao. Hesabu tena."

Mama Desideria alifikiri. "Hata sisi tunao wa namna hiyo. Tunawaita watakatifu."

"Basi, mama, mmetuzidi nini?" mzee akauliza. Mwalimu Gaudensi alicheka akamwagikiwa na chai. Mzee hakucheka. Alimgeukia binti yake, akasema kwa Kiswahili ili sote tusikie. "Nimesikia huku unavutwa. Ukitaka maji yao, chukua, sikukatazi. Ila usifuate kundi kwa ukubwa wake. Ng'ombe mwenye akili haangalii zizi kubwa, anaangalia nani anamjua sauti. Tafuta mtu kwanza." Kisha akaomba aoneshwe pa kulala, maana alikuwa amechoka na mnada.

Maneno yale mimi niliyachukua kama yamesemwa kwa ajili yangu. Tafuta mtu kwanza: mtu mwenyewe alikuwa nani kama si mimi, niliyelala naye blanketi moja? Na kweli, mvua zilipoanza, Kabula alitangaza kwamba atabatizwa kwetu, Pasaka ijayo. Mama Zuhura alimpa mkono wa heri bila kinyongo. Obedi alifunga siku kadhaa kwa huzuni, halafu akaendelea kumsalimia. Mzee Leonsi, kwa furaha, alimfupishia mafundisho, jambo ambalo hakuwafanyia wengine. Lililobaki lilikuwa msimamizi. Kwetu msimamizi wa ubatizo si mtu wa kushika mshumaa siku moja na kwenda zake. Anakuwa ndugu mpaka kufa. Watoto wa uliyemsimamia watakuja kwako wakitaka kuoa, na ukifiwa naye unakaa mkeka wa ndani pamoja na mama na dada zake. Mtu mmoja tu duniani atakuwa hivyo kwa Kabula, na nilitaka niwe mimi. Sijawahi kutaka kitu namna ile, hata mume sikumtaka hivyo nilipokuja kuolewa. Nilikuwa nawaza kwamba akinichagua, basi wote waliompa rozari na khanga na samaki watakuwa wamenipa mimi, kwa sababu aliyetakiwa na wote atakuwa amenitaka mimi. Nikaanza kushona gauni la kijivu la kuvaa siku hiyo, nikamwambia kila mtu shuleni ni la nini. Kabula aliliona. Aliligusa kola, akasema pindo limenyooka vizuri, akarudi kwenye cherehani yake.

Wiki ya mwisho ya Kwaresima nilitoka bombani na ndoo kichwani, nikapita nyuma ya nyumba ili nisikanyage tope, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Mama Desideria alikuwa anasema, "Mimi? Mimi nilijua utamchukua Skola." Nikasimama. Maji yalikuwa yananichuruzika shingoni, baridi sana, na sikuthubutu kuitua ndoo.

"Skola nampenda, mama," Kabula akasema. "Tunalala kitanda kimoja. Lakini msimamizi si awe mtu anayefurahi ukipata kitu? Wewe ukinipa kipande cha samaki unafurahi kuliko mimi ninayekila. Skola nikipewa hata kichwa cha mgebuka, usiku ananipa mgongo."

"Ni mtoto tu. Ataacha."

"Labda. Ila mimi nabatizwa Pasaka hii."

Hakulisema kwa ubaya. Hilo ndilo ambalo limenikera miaka yote, kwamba katika sauti yake nilitafuta ubaya sikuupata. Niliingia kwa mlango wa mbele nikatua ndoo, nikasema maji leo yanatoka kidogo kidogo. Mama Desideria alinitazama muda mrefu, akanipa kiti. Na mimi nikamwonea wivu hata yeye, mwanamke mzima, mjane, ambaye chakula chake nilikuwa ninakila, kwa kuwa yeye moyo wake ulikuwa umeumbwa na uwezo ambao mimi sikupewa, wa kumpa mtu samaki na kushiba.

Asubuhi ya Pasaka kanisa lilijaa kuliko nilivyowahi kuliona. Nilivaa lile gauni la kijivu, maana sikuwa na jingine jipya, nikabanwa ukutani nyuma kabisa kati ya watu nisiowajua. Wakatekumeni, wale waliongoja kubatizwa, walikuwa wamepangwa mbele, wengi, vitambaa vyeupe mikononi, na Mzee Leonsi alikuwa anasoma majina. Alipofika kwa Kabula akasema kwa sauti, "Msimamizi wake?" Mama Desideria akatoka kwenye benchi amevaa vitenge vipya, akaweka mkono kwenye bega la Kabula, na maji yalipomwagika juu ya kile kichwa kirefu akasahau yupo wapi akapiga vigelegele, peke yake, ndani ya kanisa, mpaka paroko akainua macho. Watu walicheka. Nilimwangalia usoni. Hakuwa anajionesha wala hakuwa ameshinda mtu; mwanamke yule alikuwa anafurahi tu, machozi na kamasi pamoja. Nikajaribu na mimi. Nilifumba macho, nikasukuma kwa ndani kama mtu anayejaribu kupiga chafya, na hakuna kilichokuja.

Nje, baada ya misa, upepo ulikuwa unapeperusha vitambaa vyeupe na kila mtu anapiga picha na mpiga picha wa mtaani. Kabula alinitafuta. Alipita kati ya watu waliotaka kumshika mkono, Mzee Leonsi, masista, hata Mama Zuhura aliyekuja kusimama langoni, akaja mpaka nilipokuwa, nywele bado zimelowa.

"Hongera," nikasema.

Aliniangalia usoni. Hakununa. Alikuwa na ule mwanya wake na kile kicheko chake kinachokaribia kutoka. "Skola," akasema, "hiyo imetoka nusu. Hii nusu naipokea. Nyingine nitaisubiri." Akanishika mkono, akaubana, akarudi kwa wenzake.

Tuliishi miaka mingi baada ya hapo, yeye bondeni na cherehani yake, mimi huku juu na yangu. Aliolewa, akazaa, akaheshimiwa na kila dhehebu, na kila nilipompelekea hongera alinitazama vilevile usoni, kwa subira, kama mtu anayeangalia kama maji yamechemka. Hakunikumbusha hata siku moja. Sasa amekufa, na mimi nilipokuwa nimesimama chini ya turubai huko Milepa nikiwaangalia wale wote wanavyomgombania, niliitafuta tena ile nusu aliyoingoja, nikakuta bado sinayo.